Peasi za Kieffer Nyanda za Juu za Nakuru: Mwongozo Kamili wa Kupanda, Kuulaza Mti na Kuvuna

Wengi wanaolalamika kwamba mpeasi wao hauzai wana mti mzima, wenye majani ya kijani kibichi na shina nene. Mti huo hauumwi. Haujalala tu. Mpeasi asili yake ni nchi za baridi kali: huko hupukutisha majani kila mwaka, hulala miezi kadhaa, kisha matumba yote huamka kwa pamoja na kuchanua. Sisi wa Molo, Elburgon, Njoro na Mau Narok tunaishi karibu kabisa na ikweta. Hakuna mwezi hapa unaoweza kuulaza mti huu peke yake, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza na ndiye anayeuamsha. Mambo mengine, kama shimo, samadi na maji, mtu aliyewahi kupanda parachichi anayajua tayari. Hili la usingizi ndilo linalowashinda watu, na nitalikalia zaidi kuliko mengine yote.

Kwa nini Kieffer

Peasi za vuli, yaani zile zinazovunwa Ulaya na Marekani kati ya Septemba na Novemba, ziko za aina nyingi. Conference na Doyenné du Comice ni tamu na zinasifiwa sana huko, lakini zinadai baridi nyingi kuliko tuliyo nayo. Wataalamu hupima baridi hiyo kwa saa ambazo hewa imeshuka chini ya nyuzijoto 7. Williams, ambayo wengine huiita Bartlett, inahitaji saa kama 800 au zaidi. Kieffer inatosheka na saa kama 350.

Kieffer ilitokea Philadelphia, Marekani, kwenye kitalu cha mhamiaji mmoja kutoka Alsace aliyeitwa Peter Kieffer. Alikuwa akiotesha mbegu za mpeasi wa Kichina, na mche mmoja ulioonekana kuchanganya damu na mpeasi wa Kizungu ukazaa kwa mara ya kwanza mwaka 1873. Damu hiyo ya Kichina ndiyo inayoupa mti ukakamavu: unavumilia joto, unavumilia udongo mzito, na unastahimili kuliko peasi nyingi ule ugonjwa wa bakteria unaokausha matawi kama yaliyobabuliwa na moto.

Uijue na upungufu wake mapema. Nyama yake ina chembechembe, na ikiliwa mbichi haifikii ulaini wa Comice. Kwa kupika, kwa jamu na kwa kukaa muda mrefu baada ya kuvunwa, ni tunda zuri sana. Mimi kwa shamba la hapa ningeanza nayo bila kusita. Ukiacha mti wa kuchavusha nitakaoutaja mbele, aina nyingine zingefuata baadaye, mti mmoja mmoja wa majaribio.

Shamba lako liko juu kiasi gani?

Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Usipande mpeasi huko, panda maembe. Kakamega na Busia jibu ni hilo hilo. Nakuru mjini, kwenye mita 1,850 hivi, mti utaishi na utakupa kivuli, ila matunda yatakuwa ya kubahatisha. Kuanzia mita 2,200 kwenda juu ndipo kazi inapoleta tija: Njoro ya juu, Elburgon, Molo, Kuresoi, Mau Narok, na ukielekea magharibi zaidi, Londiani, Timboroa na miteremko ya juu ya Mlima Elgon.

Hata huko juu, usidanganyike na baridi ya usiku peke yake. Usiku wa Julai unaweza kukutetemesha Molo, lakini jua la mchana likipandisha joto kupita nyuzijoto 20, sehemu ya baridi ile mti huihesabu kama iliyofutika. Ndiyo maana upande wa shamba una maana. Mteremko unaochelewa kupata jua la asubuhi ni bora kuliko ule unaoota jua kutwa nzima. Epuka bonde ambalo maji husimama, na epuka mahali penye upepo mkali usio na kizuizi, kwa sababu peasi ina kikonyo kirefu na huangushwa kirahisi.

Jambo moja zaidi kwa wale wenye mashamba yaliyowahi kuwa msitu, na katika ukanda wa Mau ni mengi. Visiki na mizizi iliyobaki ardhini huhifadhi kuvu ya Armillaria, ile ile inayoua michai. Inapita kwenye mizizi, mti unanyauka upande mmoja, na ukibandua gamba karibu na ardhi unakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Hakuna dawa ya kuuokoa mti ulioshikwa. Ng'oa visiki vyote na uokote mizizi minene, kisha panda viazi au mboga msimu mmoja au miwili kabla ya kuleta mipeasi.

Mche

Nunua mche uliobebeshwa, yaani kijiti cha Kieffer kilichounganishwa juu ya mche wa mpeasi wa mbegu. Mpeasi uliotoka kwenye mbegu ya tunda ulilokula hautafanana na mama yake, na unaweza kukuweka miaka mingi kabla ya kuona ua.

Nenda kwenye kitalu kilichosajiliwa na uangalie mche kwa mkono. Pale ulipobebeshwa pawe pamefunga vizuri pande zote, bila ufa na bila uvimbe wenye utomvu. Unene wa penseli unatosha, na urefu wa kufikia kiuno ni mzuri kuliko mche mrefu uliozeekea kwenye mfuko. Chana mfuko kidogo chini: mizizi ikiwa imejizungusha mara nyingi, uache. Na usikubali vijiti vilivyopitishwa kwa begi kutoka nje ya nchi. Mimea ya kigeni inaingia kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na sababu ni magonjwa kama huo wa bakteria nilioutaja, ambao ukiingia kwenye eneo hautoki.

Chukua aina mbili, si moja. Kieffer hujichavusha kwa kiasi, lakini huzaa vizuri zaidi ikiwa na jirani wa aina nyingine anayechanua wakati ule ule. Mti mmoja wa jirani kwa kila minane au tisa ya Kieffer unatosha, mradi usiwe mbali zaidi ya mita 20 hivi.

Kupanda

Panda mvua za masika zikishashika, mwishoni mwa Machi au Aprili. Mashimo yachimbwe mapema, wiki nne kabla. Kipimo ni sentimita 60 kwa kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, urudishe shimoni kwanza. Samadi mbichi itachoma mizizi.

Nafasi ni mita 5 kwa 5, ambayo inakupa miti kama 160 kwa ekari. Wapo wanaobana hadi mita 4. Mpeasi uliobebeshwa juu ya mche wa mbegu hukua mkubwa, na ukibana leo utapigana nao kwa msumeno baadaye.

Ukipanda, mahali palipobebeshwa pabaki juu ya ardhi kwa sentimita 10. Pakifukiwa, kijiti cha juu kitatoa mizizi yake na mti utapoteza nguvu ya shina la chini. Shindilia kwa mguu, mwagia maji lita 20, tandaza nyasi kavu kuzunguka lakini zisiguse shina. Kisha fanya jambo linalouma moyo: kata kilele cha mche kwenye kimo cha sentimita 80. Usipokata utapata fimbo ndefu isiyo na matawi.

Zungushia ua. Kondoo wa Molo wana sifa nzuri kwenye nyama, ila kondoo mmoja akiachiwa asubuhi moja anaweza kuguguna gamba la miche kumi, na mche uliogugunwa gamba pande zote umekufa.

Pima udongo ikiwezekana. Mpeasi unapenda pH kati ya 6 na 7, na mashamba mengi ya juu yaliyotumia mbolea ya DAP kwa miaka mingi yamekuwa na asidi. Chokaa ya kilimo hurekebisha, lakini iwekwe kwa kipimo cha maabara. Afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza pa kupeleka sampuli.

Miaka mitatu ya umbo

Mpeasi una tabia ya kupeleka matawi yote juu, wima, yamebanana. Tawi la wima hukua majani. Tawi lililolala hutoa maua. Kumbuka hilo kila unaposhika mkasi.

Mwaka wa kwanza chagua matawi manne au matano yaliyopishana kuzunguka shina, la chini likiwa kama sentimita 50 kutoka ardhini. Mengine yatoe. Matawi hayo yakifika urefu wa mkono yavute nje, kila moja kwa kamba ya manila iliyofungwa kwenye kigingi ardhini au kwa jiwe lililoning'inizwa. Yasifike chini kabisa: yakae katikati ya wima na ulalo, au yashuke zaidi ya hapo kidogo. Kamba iwe na kitanzi kilegevu, la sivyo itakata gamba tawi linaponenepa. Baada ya miezi mitatu au minne tawi hushika umbo na unaweza kufungua.

Miaka hii, weka samadi debe moja kila mwaka mwanzoni mwa masika na mbolea ya naitrojeni ya CAN kidogo, kama gramu 100 kwa mti, mbali na shina. Usipite hapo. Naitrojeni ikizidi inaleta vichipukizi vilaini vinavyopendwa na vidukari, na inauweka mti macho wakati unapotaka usinzie. Maharagwe yanaweza kupandwa katikati ya mistari. Mahindi hapana, yanaufunika mche.

Kuulaza na kuuamsha

Hapa ndipo penye siri yote. Kwanza utambue mti ambao haukulala vizuri unavyoonekana. Simama mbele yake Oktoba. Utaona tawi refu lililo uchi, vitumba vyake vimefumba vikavu, halafu kwenye ncha kuna kishada cha majani. Ua moja hapa limefunguka, jingine linaanza kuvimba, na hapo hapo kuna tunda dogo la miezi miwili. Mti kama huo unachanua kwa matone mwaka mzima, na nyuki hawapati sababu ya kuukimbilia.

Kazi inaanza mti ukiwa na miaka mitatu au minne, si kabla. Mti mchanga unahitaji majani yake yote.

Kwa ukanda wetu, baridi huwa kali kuanzia Juni hadi Agosti, na tunaitumia hiyo. Kuanzia Aprili usiweke tena mbolea yoyote ya naitrojeni. Ikifika Juni acha kumwagilia kabisa. Mvua ikiendelea, na Molo huendelea, ondoa matandazo ili ardhi ikauke upesi. Angalia ncha za matawi: zikiacha kutoa majani mapya na tumba la mwisho likajifunga kwa magamba ya kahawia, na majani yakawa mazito ya kijani cheusi, mti uko tayari.

Wiki ya pili au ya tatu ya Julai fanya mambo matatu ndani ya siku chache, kwa mti mzima.

Pogoa kwanza. Toa matawi yaliyokauka, yanayosuguana, na yale yanayopanda wima katikati. Usikate vile vijitawi vifupi vinene vyenye mikunjo, urefu wa kidole au chini yake. Hivyo ndivyo vinavyobeba maua, na kimoja huzaa kwa miaka mingi. Mtu anayepogoa mpeasi kama anayekata ua la nyumba huviondoa vyote, na hapo amejinyima mavuno ya miaka miwili.

Pili, vuta tena chini tawi lolote lililoanza kurudi juu.

Tatu, toa majani, yote. Jirani yangu mmoja alinikuta nikifanya hivyo akauliza, "Mama, mti umekukosea nini?" Swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu mti wenye afya unabaki mifupa mitupu. Usiyang'oe kwa kuvuta, maana tumba la mwakani limekaa pale pale kwapani mwa jani na litatoka nalo. Shika jani na ukate kikonyo chake katikati kwa mkasi mdogo au kwa kucha. Kipande kitakachobaki kitaanguka chenyewe baada ya siku chache. Mti mkubwa unaweza kukuchukua nusu siku, hivyo pata watu. Jani moja moja lililosahauliwa si tatizo. Nusu ya mti iliyoachwa na majani ni tatizo kubwa, kwa sababu upande huo utaamka kwa wakati wake.

Mti wa aina ya pili uuvue majani siku hizo hizo, ili ichanue pamoja. Nimeona mashamba yenye aina mbili nzuri ambazo hazikukutana hata siku moja, moja ikimaliza maua wakati nyingine ndiyo kwanza inavimba.

Baada ya hapo subiri. Usimwagilie kwa wiki mbili au tatu. Kisha, kama mvua haijanyesha, mpe kila mti lita 40 na urudie kila wiki, na urudishe matandazo. Vitumba vitaanza kuvimba, na kabla rangi ya kijani haijachungulia nyunyiza dawa ya shaba mara moja, ikiwa imesajiliwa na kwa kipimo cha kwenye pakiti. Inaua vimelea vya kuvu ya madoa vilivyojificha kwenye magamba ya tumba. Kwa kawaida maua hufunguka kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba. Yakifunguka kwa pamoja, meupe mti mzima, umefaulu.

Kuna dawa za viwandani za kuamsha matumba, na moja inayotumika sana nchi nyingine ni hydrogen cyanamide. Ni sumu kali kwa anayeinyunyiza. Kwa mkulima wa miti thelathini au hamsini, mikono inatosha.

Maua hadi tunda

Utamu wa ua la peasi ni mdogo, na nyuki akiona maua mengine matamu zaidi anakwenda huko. Weka mzinga karibu, na ufyeke magugu yenye maua chini ya miti wiki hiyo. Wakati wa kuchanua usinyunyize dawa ya wadudu hata kidogo.

Wiki sita baada ya maua, punguza matunda. Kieffer hubeba kupita kiasi, na tawi linaweza kupasuka. Kwenye kila kishada bakiza tunda moja, na kati ya tunda na tunda iwe sentimita 15. Inauma kuyatupa, lakini yanayobaki yatakuwa na ukubwa wa kuuzika na mti hautapumzika mwaka unaofuata.

Siku hiyo hiyo anza kuvika matunda mifuko ya karatasi, kwa wale wenye miti michache. Nzi wa matunda ndiye adui mkubwa, hasa yule wa Kiasia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Anatoboa ngozi na kutaga ndani, na unakuja kugundua funza tunda likikatwa. Asiyeweza kuvika mifuko atundike mitego ya chambo na, zaidi ya yote, aokote kila tunda lililoanguka, kila siku. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki mzito na uuache juani kwa wiki mbili, au yazike zaidi ya nusu mita. Tunda bovu lililoachwa chini ya mti ndilo kitalu cha nzi wa mwezi ujao.

Madoa meusi kwenye majani na matunda hutokana na unyevunyevu. Mti uliopogolewa vizuri hupitisha upepo na kukauka haraka, na hiyo ni nusu ya tiba. Majani yaliyoanguka na yale uliyoyatoa Julai yakusanye na kuyachoma. Vidukari washambulie kwa maji ya sabuni wakiwa wachache. Mvua ya mawe, ambayo watu wa Londiani, Kericho na Molo wanaijua, haina dawa ila wavu. Kama wavu ni ghali, gawa miti yako mafungu mawili na uyavue majani kwa kupishana wiki tatu, kila fungu likiwa na mti wake wa kuchavusha. Mawe yakipiga fungu moja likiwa kwenye maua, jingine litapona.

Kuvuna

Peasi haiachwi iive mtini, na kuzoea maembe na mapera kunatupoteza hapa. Tunda hili huiva kutoka ndani kwenda nje. Ukisubiri lilainike likiwa tawini, moyo wake utakuwa umegeuka kahawia na chembechembe zimezidi, hata kama ngozi inapendeza. Livune likiwa gumu.

Ni miezi mitano hivi baada ya maua, kwa hiyo kati ya mwisho wa Januari na Machi, na sehemu za juu zaidi huchelewa. Rangi ya kijani iliyokolea hufifia na kuelekea njano. Sasa jaribu hivi: shika tunda kwa kiganja, liinue polepole mpaka lilale sawa na ardhi, bila kulivuta. Likiachia lenyewe pale kikonyo kinapoungana na kijitawi, limefika. Likikatalia, rudi baada ya siku nne. Usikate kikonyo, tunda lisilo na kikonyo huanza kuoza hapo.

Lipange kwenye kreti yenye karatasi, si guniani. Ngozi ya Kieffer ni ngumu kuliko za peasi nyingine lakini michubuko hujitokeza baadaye, tunda likiwa tayari kwa mteja. Weka kreti kwenye chumba chenye kivuli na ubaridi, nyuzijoto 15 hadi 18, na nyumba nyingi za Molo ziko hivyo bila friji. Wiki mbili hadi tatu, zitaiva. Ukitaka za haraka, funika kreti moja pamoja na ndizi mbivu mbili au tatu. Bonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba: pakibonyea kidogo, lile leo.

Kwa soko la Wakulima pale Nakuru au Kibuye, Kisumu, peleka zikiwa zimeanza kugeuka njano lakini bado ngumu, na umweleze mnunuzi azikalishe siku ngapi. Usipomweleza atakula peasi ngumu kama kiazi na hatarudi. Zenye makovu ya mawe au zilizo ndogo menya, kata vipande, toa moyo, na uzichemshe taratibu na sukari, maji ya limau na kipande cha mdalasini mpaka zilainike. Kieffer haivurugiki sufuriani, na vipande vyake vikiwekwa moto kwenye chupa zilizochemshwa na kufungwa vizuri hukaa miezi mingi.